Njano ya Bwana Tanuri

Emil Hudak alikuwa na kipaji cha kuchagua kibaya. Mwekee mbele sanduku zima la katuni za zamani, majalada yanang'aa utadhani yametoka kiwandani jana, yeye atachimba mpaka chini atoe lile lililoraruka, lililomwagikiwa maziwa, au lililochorwa masharubu na mtoto wa mtu. Atalitazama mbele, atalitazama nyuma, kisha atalirudisha pole pole, kama mtu aliyefika kituoni akakuta basi limeshaondoka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Emil kibaya hakikuwa na haja ya kujitembeza, alikifuata mwenyewe.

"Hivi wewe Emil," Rosalie alikuwa akimwuliza, "mkeo anakutuma nyanya kweli?"

"Hanitumi," Emil anajibu.

Rosalie Carfagna ndiye mwenye duka. Zamani lilikuwa duka la viatu, na mpaka leo ukiingia unanusa kiwi. Alhamisi jioni, kazi zikiisha, wanaume wa mji wetu wa Youngstown, Marekani, wenye ugonjwa wetu wa katuni walikutana pale. Kwanza sinki na sabuni. Emil alikuwa fundi wa ekzosi za magari, kwa hiyo yeye alinawa kuliko wote, na Rosalie akamkagua kucha kama nesi wa shule. Baada ya hapo tunasimama kuzunguka meza na kutazama majalada. Watu wa nje hudhani tunasoma. Nani asome? Tunatazama. Tuliwahi kubishana jioni nzima juu ya kivuli kilicho chini ya kidevu cha shujaa, na wawili wakanuniana hadi Krismasi.

Tuliyempenda zaidi ni Bwana Tanuri, jitu la chuma lililotoka kwenye tanuri la kuyeyushia vyuma likaanza kuokoa watu. Mchoraji alimzungushia mabomba ya moshi kama yale ya viwanda vya chuma vya kwetu, enzi yalipokuwa yakitoa moshi. Na katika majalada yake yote, moja lilitajwa kwa sauti ya chini: lile la daraja. Bwana Tanuri yuko darajani, amebeba treni begani, joho jekundu linapepea, na nyuma yake mbingu ni njano tupu. Hakuna wingu wala ndege. Mchoraji alijiamini, akaacha. Tatizo ni kwamba wachapaji waliiharibu ile njano, na nakala nyingi zilitoka na rangi ya haradali. Verlin Tackett, aliyekuwa akitutengenezea na kutusafishia katuni, alisema hajawahi kuiona njano hiyo ilivyokusudiwa. Na Verlin akisema jambo, amesema. Mtu huyo hakujaliwa uongo. Mjane mmoja alimletea katuni za marehemu mumewe ili azithamini, akamwambia, "Mama, pole na msiba. Hizi ni takataka."

Sasa, kwetu kuna desturi moja: mtu hasemi anachotafuta. Ukisema, muuzaji aliye nyuma yako amesikia, na kesho bei imepanda mlima. Kwa hiyo tulijuana miaka na miaka bila kujuana. Emil anatafuta nini kwenye zile takataka? Siri ya mtungi aijuaye kata. Hatukuuliza, ungekuwa utovu wa adabu.

Mwezi wa kumi mwaka mmoja tulikwenda mji wa Akron, mimi na yeye, kwenye soko la katuni. Wanunuzi wengine walikuwa wamejazana kwenye meza za vitu vizuri. Emil akapiga magoti na kuvuta sanduku lililokuwa chini ya meza. Nikamwona ametulia. Mkononi ana jalada la daraja. Pembe zimelika, pini zina kutu, na juu ya ile mbingu, kwa penseli, kwa herufi za mtoto mwenye kiburi: NI YA DENNY. BUBA USIGUSE. Chini ya maneno hayo kulikuwa na kibandiko cha bei kilichozeeka mpaka kikawa kahawia.

Emil akauliza bei, akalipa. Bila kupatana! Nikaona aibu kwa niaba yake. Muuzaji mwenyewe alionekana kuudhika.

"Emil, unaumwa?"

"Endesha wewe," akasema, akanipa funguo za gari. Njia nzima aliishika ile katuni mapajani kwa mikono miwili, kama sufuria ya supu ya moto.

Alhamisi iliyofuata alimwachia Rosalie ile katuni. "Mwambie Verlin ni pini tu. Zina kutu, zitakula karatasi. Abadilishe pini, basi."

Rosalie akayafikisha maneno. Lakini Emil alikuwa anatimiza miaka hamsini, na mwaka huo huo alikuwa amemtengenezea Verlin ekzosi bure. Verlin akatuambia, "Pini gani? Nitamfanyia kazi kamili. Mara moja maishani Emil awe na kitu safi." Tukaona hilo ni wazo la kiungwana. Tukapiga makofi.

Siku ikafika. Rosalie alioka keki na kumchora Bwana Tanuri juu yake kwa sukari. Jitu likatoka kama mpishi aliyeungua. Emil akanawa, akakaguliwa kucha, akaimbiwa. Ndipo Verlin akaondoa kitambaa mezani.

Lo! Jamani, njano. Mimi nimeona dhahabu, nimeona mahindi yaliyoiva, sijaona kitu kama kile. Kumbe chini ya uchafu nakala ile ilikuwa mojawapo ya chache zilizowanusurika wachapaji, na ile treni ilikuwa ikielea ndani ya mwanga, na sisi miaka yote tulikuwa tukitazama haradali. Rosalie akapiga ishara ya msalaba.

Emil akatazama. Akainama karibu zaidi.

"Maandishi yako wapi?"

"Yamekwenda!" Verlin alisema kwa fahari. "Wiki nzima, bwana. Mtoto yule alikandamiza penseli utadhani analima. Nimefuta, nimepiga pasi mpaka alama zikalala. Hata kwa lenzi huoni kitu."

Emil akakaa kwenye kile kiti kifupi kilichobaki tangu enzi za viatu.

"Denny ni kaka yangu," akasema. "Buba ni mimi."

Rosalie alitukana kwa Kiitaliano, tusi refu. Sisi wengine tulitafuta pa kutazama. Emil akatueleza, bila kupandisha sauti. Denny alikwenda Vietnam, akarudishwa kwenye sanduku. Wiki ile ile mama yao alitoa katuni zote kwenye mnada wa kanisa, kwa sababu hakuweza kupita karibu nazo. Barua za Denny, mama alizikwa nazo.

"Nilitaka mwandiko wake tu," Emil alisema. "Katuni zenyewe wala sizipendi kihivyo."

Hilo nalo lilituuma, siwafichi.

Verlin alikuwa mweupe kama karatasi. "Kwa nini hukusema, Emil?"

"Nani kati yenu husema?"

Nilikuwa na hasira, na sikujua nimpe nani. Na Verlin? Kosa lake alikuwa amelifanya kwa upendo, na kosa la namna hiyo halina hata pa kulipiga teke. Nikaikasirikia keki.

Kisha Verlin akakohoa. "Kulikuwa na mstari mwingine."

"Mstari gani?"

"Chini ya kibandiko cha bei. Nilikibandua, nikakuta maneno. Nikayafuta na hayo."

"Yalisemaje?"

"'Mpaka umalize hesabu.'"

Ukumbuke aliyesema ni Verlin. Huyo asingeweza kutunga uongo hata nyumba ingeungua.

"Hesabu," Emil akasema. Akacheka kidogo, akaacha. "Za kugawanya. Zilinishinda, na kila jioni Denny alikaa nami mezani jikoni. Mnajua nilimwekea kinyongo? Mtu amekufa, na mimi nina kinyongo juu ya katuni. Nilidhani ananinyima."

Akainuka, akachukua penseli karibu na sanduku la fedha la Rosalie, akampa Verlin.

"Andika."

"Siwezi, Emil. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuweka alama kwenye jalada."

"Wewe ndiye wa mwisho kuuona mwandiko wake. Kila herufi umeipitia. Mimi nitamwomba nani mwingine?"

Verlin akaenda kwenye sinki, akanawa tena, akafuta mikono kidole kwa kidole. Akarudi, akainama na ulimi nje, akaandika juu ya ile njano ambayo hakuna aliyewahi kuiona, mistari yote mitatu. Jamaa mmoja nyuma yangu aliguna kama mwenye jino bovu. Rosalie aligeukia ukutani.

Emil akasoma. "N zake ziliegemea kushoto?"

"Kushoto. Zote."

"Kweli," Emil akasema. "Mwalimu alikuwa akimchapa kwa ajili hiyo." Na machozi yakamtoka, hakuyafuta wala hakujificha.

Alipotulia akaivuta ile katuni mbele yake, akaweka kidole kwenye ukingo wa jalada. Verlin akamwuliza kwa upole, "Hesabu umemaliza?"

"Nina miaka hamsini, Verlin. Denny atanisamehe."

Akafungua ukurasa wa kwanza.