Mwaka Chatu Wetu Alipokataa Kuku

Jirani yangu hapa Ukunda anafuga chatu wa kuwaonyesha watalii kule Diani. Juzi alikuja kwangu uso umemshuka. "Shikamoo, mama. Yule wangu hali. Nimempa panya, nimempa kifaranga, hata hageuki." Nikamwuliza kama amemtazama macho, maana nyoka anayekaribia kujivua gamba macho humwingia ukungu na chakula hakitaki. Hakuwa amemtazama. Alikuwa ameshamwita mganga! Nilimcheka mpaka akaudhika. Alipoondoka kicheko kikanikauka, kwa sababu sisi kwetu tulifanya jambo baya kuliko la mganga.

Kwetu ni upande wa Msambweni. Ilikuwa miaka ile ya uhuru, mwalimu akitufundisha kusimama wima mbele ya bendera mpya, nasi tukikanyagana miguu kwa siri. Nyumba ya nyanya ilikuwa ya udongo na makuti, na juu ya jiko kulikuwa na dari ya kuhifadhia mahindi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi yaliyokaushwa kwa moshi, mate hunijaa. Humo darini aliishi chatu. Ami yangu alimleta akiwa mdogo sana kutoka mashamba ya miwa alikofanya kazi, na nyanya akamwachia dari ili atumalizie panya. Akakulia humo, akawa mrefu kuliko kitanda. Alitoka na kurudi apendavyo kwenye upenyo wa makuti, na panya walipoadimika nyanya alimpandishia kuku aliyeacha kutaga. Tulimwita Mwenye Dari. Tulilala chini yake usingizi mnono, wala hatukuwa na habari.

Kisha ami akaoa msichana wa Kinango, kule kwenye ng'ombe wengi na maji ya taabu. Alikuwa mpole, mchapakazi, na maji aliyatumia kwa adabu ambayo sisi wa pwani tuliicheka. Hata ya kuoshea mchele hakuyamwaga ovyo. Ami akarudi kazini kwake, mkewe akabaki nasi. Nyanya akamkabidhi kazi za mke wa nyumba, mojawapo ikiwa kupanda darini kuteremsha mahindi na kumpelekea Mwenye Dari chakula.

Haukupita muda mrefu, chatu akasusa. Kuku aliyepandishwa jioni alishuka asubuhi mzima, akidonoa makombo jikoni kama mwenye nyumba. Wa pili vivyo hivyo. Nyanya akaingiwa na hofu. Katika nyumba yetu, asiyekula alihesabiwa kuwa ana kinyongo. Mtoto akisukuma sahani haulizwi tumbo, huulizwa nani kamkosea. Kwa hiyo nyanya aliamua kwamba kuna neno baya nyumbani na chatu amelisikia.

Tukaitwa sote, tukakaa duara, bakuli la maji katikati. Ilikuwa desturi yetu ya kusafisha nyoyo: unachota funda la maji kiganjani, unasema linalokukera, kisha unasukutua na kuyatema chini. Amri yake ni moja tu. Neno lililokwisha kutemwa halitajwi tena na yeyote, wala halimhukumu aliyelisema. Shangazi akasema lake kuhusu kanga iliyopotea. Mimi nikasema nachukia kutumwa kisimani. Zamu ya mke wa ami ilipofika, akainamisha kichwa.

"Mimi namwogopa," alisema. "Kila nikipanda namkuta amejikunja palepale, hasogei, ananitazama tu. Kwetu nyoka huuawa. Natamani angekwenda zake."

Akatema. Nyanya akamwitikia, "Yamekwisha, mwanangu." Lakini kesho yake kuku akashuka tena, na hayakuwa yamekwisha. Shangazi ndiye aliyeanza kunong'ona kuwa mwenye kinyongo kajitaja mwenyewe. Sisi watoto tukayapeleka kisimani, tukawa tukimwona tu tunaimba, "Kwetu nyoka huuawa!" Yeye akajitwisha ndoo yake asitujibu. Ami aliporudi, nyanya akamwambia amrudishe mkewe kwao mpaka nyumba itulie. Ami hakuwahi kumbishia mama yake. Mke wa ami akafunga nguo zake, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, hata sisi waimbaji.

Chatu hakula ng'o.

Mvua zilipokaribia, nyanya alipanda mwenyewe kuchagua mahindi ya mbegu. Aliposhuka mkononi alikuwa na ganda jeupe la yai, laini kama ngozi, limepasuka upande. Nyuma ya mahindi yalikuwepo mengine chungu nzima, na vijichatu vikitambaa kando ya mama yao. "Alikuwa analalia," nyanya alisema, akaketi sakafuni. "Mimi niliyefuga kuku maisha yangu yote. Mtetea akilalia si hali? Si haondoki palepale?" Msichana yule alikuwa ametuambia hivyohivyo, kwamba hasogei, nasi tukasikia neno la kuogopa peke yake.

Nyanya alifunga safari ya Kinango, nami nikafuatana naye. Jua la huko lilikuwa kali na kisima chao kimekauka, lakini mke wa ami alitupokea kwa shikamoo na kutuandalia mkeka. Nyanya akamwomba radhi mbele ya wazazi wake, kisha akaomba bakuli la maji, ili binti aseme yote yaliyomo moyoni na yatemwe. Bakuli likaletwa. Akachota funda. Tukasubiri.

Akayameza.

"Nimewasamehe, mama," alisema kwa upole ule ule. "Lakini kusema, nilishasema mara moja."

Hakurudi kwetu. Mwenye Dari naye alitoka siku moja asionekane tena. Dari imeshavunjwa, makuti yamekuwa mabati, na visima tulivyovinung'unikia vimefukiwa. Bakuli tuliendelea kuliweka katikati kwa miaka mingi, lakini tangu siku ile kila mtu alichota funda lake, akasema "Sina neno," akatema. Nyanya alikuwa akitutazama mmoja mmoja kama anayeomba, maana alijua ni yeye aliyetufunga vinywa. Hata alipokuwa kitandani siku zake za mwisho tuliketi tukamzunguka, bakuli likapita, tukasema hatuna neno. Nami nilisema hivyo. Nilikuwa nalo.