Mjapani Aliyefumba Macho

Nichekeni, ila msinihurumie. Nilikuwa dereva wa muda wa bosi mmoja Mmarekani kule Randburg, kusini mwa Afrika. Aliponiahidi ajira ya kudumu, ilikuwa ni kwa sababu nilijigamba kwamba Dar es Salaam nilifanya kazi na Wajapani.

Siku ya mazungumzo ya biashara akaniketisha pembeni yake, akanitambulisha kama mshauri aliyefanya kazi na Wajapani Dar es Salaam. Mgeni wetu, mzee wa Kijapani, alisikiliza kidogo kisha akafumba macho. Bosi aliongea, akachora ubaoni, akaongea tena. Mzee kimya.

"Hii maana yake nini?" bosi akaninong'oneza.

Ningesema sijui. Lakini sisi tulioacha shule mapema hatukosi jibu.

"Kachoka na safari, bosi. Kwao ukimwacha mgeni alale mbele za watu, umemwaibisha."

"Basi mwamshe."

Nikamtikisa bega. "Mzee, amka, bado tunaongea."

Alifumbua macho, na hayakuwa na usingizi hata chembe. Akautazama mkono wangu uliokuwa bado begani kwake.

"Sikulala," alisema kwa upole. "Wengi wetu hufumba macho tunaposikiliza jambo zito. Hili lilikuwa zito." Akaanza kukusanya karatasi zake. "Samahani, kijana. Dar es Salaam ulifanya kazi gani na watu wetu?"

Bosi naye akanigeukia.

"Nilikuwa naosha magari," nikasema. "Yaliyotoka Japani."

Bosi alinyoosha mkono tu, nikamkabidhi funguo za gari.