Begi la Nusu Bei

Ardith Haugen, mpishi wa shule katika mji mdogo wa Alaska, hakuwa na lawama kwa mumewe ila moja: Verlin hakujua kupita mbele ya kitu kilichopunguzwa bei. Buti zake zilibanduka soli kila msimu wa kuwinda. Hema lake lilivuja hata kwa umande. Ardith, kwa kuchoka, alijinyima mpaka akanunua begi la mgongoni la maana, lenye fremu imara na mkanda mpana wa kiunoni. Verlin alicheka mpaka akakohoa.

"Hilo begi au farasi, bibie? Langu nusu bei, na mzigo ni uleule."

"Rahisi ni ghali, Verlin. Utakuja kuniambia."

Septemba hiyo, mwendo wa siku nzima kutoka walipoacha gari, Ardith aliangusha kulungu dume wa kaskazini, wa kwanza maishani mwake. Alizishika zile pembe akacheka peke yake kama mwehu. Nyumbani alikuwa ameshapigilia msumari wa kuzitundika juu ya mlango.

Wakamkatakata, wakatia nyama mifukoni. Verlin akajitwika paja, akapiga hatua chache, mshono wa mkanda ukaachia. Paja likamlaza kifudifudi.

"Usinitazame hivyo. Nalifunga kamba."

Alilifunga. Likachanika kwingine. Jua lilikuwa kali kuliko kawaida na nzi walishafika.

"Basi nishuke na pembe mikononi," akasema Verlin.

"Nyama umwachie dubu, wewe ushuke na pembe? Una wazimu? Tukikutana na watu huko chini tutaweka wapi nyuso zetu?"

Verlin alijua fika. Kwao nyama hutoka yote kwanza, pembe mwisho. Ndiyo sheria, na asiyeifuata hasalimiwi dukani. Kwa hiyo begi moja likabeba mnyama mzima, kwa zamu, siku baada ya siku, kupanda na kushuka, mmoja akiumia mgongo na mwingine akifukuza nzi. Kipande cha mwisho kilipofika garini, theluji ilikuwa imeziba njia ya juu. Pembe zikabaki hukohuko. Ardith alilia waziwazi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Mwakani tutazifuata, mke wangu."

"Mwakani panya watakuwa wamezitafuna zote. Endesha gari."

Wiki chache baadaye walikuwa jikoni, mchuzi wa nyama ileile ukichemka, Verlin akiperuzi simu.

"Hebu njoo uone! Begi jipya. Nusu bei, na safari hii wameongeza mikanda!"

Ardith aliweka mwiko chini. Tangu waoane, hakuna aliyewahi kupanda mlima bila mwenzake, hata mwaka ule Verlin alipovunjika kidole cha mguu.

"Linunue," akasema. "Mwakani mimi napanda na dada yangu."

Verlin akainua uso. "Unatania. Dada yako hata kulenga shabaha hajui."

"Ana begi."