Pichi Iliyokanyagwa Alhamisi

Kawira alikuwa na mazoea ya kuupima udongo kwa ufunguo wa nyumba yake. Ufunguo ukizama, pichi bado ina maji. Ukigoma na kuacha mkwaruzo mweupe tu, mchezo unaweza kuanza. Chuo Kikuu cha Egerton, kule Kenya, walimfundisha majina ya nyasi kwa Kilatini, na chuo cha ufundi cha hapa Sydney kilimpa cheti cha kutunza viwanja, lakini hili la ufunguo alijifundisha mwenyewe asubuhi moja alipokuwa amesahau kisu nyumbani.

Mwaka huu ulikuwa wake wa saba akiwa mtunza pichi wa klabu ya kriketi ya Harlow, mwendo mfupi kwa gari kutoka Blacktown. Wakenya wenzake kanisani, wengi wao wauguzi, walikuwa hawaishi kumtania. "Sisi tunalea wazee, Mama Shirleen, wewe unalea nyasi!" Naye aliwajibu, "Zangu hazinipigii kengele nikiwa nakunywa chai."

Lakini hakuichukulia kazi yake kama mzaha. Mpira wa kriketi ni mgumu kama jiwe lililovikwa ngozi, na kabla ya kumfikia mpigaji hudunda kwanza ardhini. Pichi, ule ukanda wa udongo mweusi katikati ya uwanja, ndiyo inayoamua utadunda vipi. Ikiwa sawa, mpigaji anaona unakokuja. Ikiwa na kasoro, mpira unaweza kuruka kutoka chini ukamtafuta koo.

Harlow ilikuwa na umri wa miaka mia moja na kumi na mbili. Wachezaji wake walikuwa mafundi bomba, walimu, madereva wa maghala ya Wetherill Park, na tangu miaka mitatu iliyopita, Shirleen, binti wa Kawira, aliyekuwa mpigaji wa kwanza wa timu ya wanawake. Hakuna aliyelipwa. Mwenyekiti wake, mzee Clifford, alizaliwa mitaa miwili kutoka uwanjani na baba yake aliichezea klabu hiyo hiyo. Upande mwingine walikuwepo Comets, timu ya wawekezaji, yenye umri wa miaka tisa, wachezaji wa kukodiwa kutoka kila pembe ya dunia, na fataki kila mpira ukivuka mpaka. Comets hawakuwa na uwanja wao wa mazoezi. Walikuwa wameutaka wa Harlow, na halmashauri, yenye ardhi ile, ilikuwa imetoa jibu la upole lenye meno ndani yake: uwanja ungebaki kwa klabu maadamu pichi ni salama. Waamuzi wakiandika ripoti mbili mbaya katika msimu mmoja, ungepewa mwombaji mwingine.

Ripoti ya kwanza iliandikwa Novemba, baada ya dhoruba kung'oa maturubai. Sasa ilikuwa Februari, na nusu fainali ya wanawake ilikuwa Jumamosi.

Jumatano Kawira aliinywesha pichi maji hadi yakafika chini. Alhamisi ilikuwa siku ya kuiacha. Hakuna mguu, hakuna rola, hakuna kitu. Udongo ulale na kujikaza wenyewe. Ijumaa angeibana kwa rola, na Jumamosi ingekuwa kama sakafu.

Alhamisi saa tatu asubuhi simu ililia.

"Mama Shirleen! Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Mwenyekiti. Leo umenikumbuka?"

Douglas alicheka. Alikuwa meneja wa shughuli wa Comets, lakini Kawira hakuwahi kumwita kwa kazi hiyo. Alimwita Mwenyekiti kwa sababu miaka minne nyuma, mumewe Mutwiri alipoanguka kazini na asiamke, Douglas ndiye aliyeongoza kamati ya mazishi. Aliipanga mikutano ya kila jioni sebuleni kwake, akabishana na shirika la ndege, akasafiri na mwili hadi kwao Nkubu, Kenya, akasimama kaburini kwenye matope akiwa amemshika Shirleen bega.

"Dada, nina shida ndogo. Wapiga picha wa televisheni wamekuja, na uwanja tuliokodi umefungwa. Nipe saa moja tu pale kwako."

"Chukua pichi za kando. Ziko wazi."

"Wanataka ya katikati. Hizo za kando zina nyavu, zinaonekana kama banda la kuku."

"Mwenyekiti, ina maji. Nimeimwagilia jana."

"Saa moja. Watatembea polepole. Kwani ikikanyagwa ikiwa hivyo, inachukua siku ngapi kupona?"

"Zaidi ya hizo nilizo nazo."

"Basi tutakuwa waangalifu. Wewe unanijua."

Ndiyo, alimjua. Douglas hakumtajia Mutwiri wala Nkubu, na kwa kutowataja alimfunga zaidi. Mtu aliyekuzikia mume hana haja ya kuomba mara mbili. Kawira alikata simu, akamwandikia ujumbe mfupi, "Sawa, njooni," kisha akatoka kwenda kufungua turubai. Hakumpigia Clifford. Aliona aibu kumweleza Mzungu yule deni lisiloandikwa popote.

Walikuja wanane na magari matatu. Mrushaji mmoja, msichana mrefu Mwingereza, alipiga magoti akagusa udongo kwa kiganja.

"Huu ni mbichi," alimwambia Kawira. "Kwetu Uingereza, kwenye timu ya kaunti, mtunza pichi angetufukuza na fagio."

"Kaunti?" Douglas akadakia. "Dada, hata Uingereza wana kaunti kama zetu, ila zao hazina gavana wa kula pesa!"

Msichana alitabasamu bila kuelewa. Akasema timu yake ya kaunti ilikuwa ya tangu enzi za babu wa babu yake, na kwamba majira ya joto sasa wachezaji wazuri huondoka kwenda kwenye timu za wawekezaji zenye jezi za rangi za peremende, na kaunti hubaki ikicheza mbele ya mbwa na wastaafu. "Hata mimi niliondoka," alisema, akikaza kamba za viatu. Viatu vyake vilikuwa na misumari chini.

Kawira alienda bandani kufunga vali ya maji. Hakukaa huko dakika tano. Aliporudi, mpiga picha alikuwa amesimika kamera yake yenye miguu mitatu katikati ya pichi, mahali hasa ambapo mpira mzuri hudundia, ili mrushaji aje akimkabili. Miguu ile ilikuwa imezama.

"Itoe! Itoe hiyo!"

Akaitoa, akiomba radhi. Yakabaki matundu matatu, kila moja lingeweza kumeza yai. Douglas alikuja, akayatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema, "Pole, dada. Hayo utayaziba tu, sivyo?"

Aliyaziba. Aliponda udongo uleule, akauchanganya na maji kidogo, akaushindilia kwa mpini wa jembe. Ijumaa alipitisha rola tangu asubuhi hadi mgongo ukakataa. Kwa mbali pichi iling'aa. Kwa karibu, yale madoa matatu yalikuwa yakikauka kwa rangi yao wenyewe, meusi zaidi, kama macho.

"Vipi?" Clifford aliuliza kutoka kwenye mpaka wa uwanja.

"Inakauka," alisema. Hakuwa amesema uongo.

Jumamosi jua lilikuwa kali kabla ya saa mbili. Kawira aliinama juu ya doa la katikati. Kingo zake zilikuwa zimeinuka kwa wembamba wa unywele. Alichomeka ufunguo, nao ukaingia bila kelele. Alibaki ameinama mpaka miguu ikafa ganzi. Akisema, ripoti ya pili itaandikwa na uwanja umekwenda. Akinyamaza, huenda mipira mia mbili ikapita bila hata mmoja kuligusa doa. Huenda.

Harlow walishinda kura ya sarafu wakachagua kupiga kwanza. Watu walipiga makofi. Shirleen alitoka akivaa helmeti, gongo la kupigia mpira chini ya kwapa, akitembea kama baba yake, bega moja mbele. Alichora alama yake ardhini. Upande wa pili mrushaji alianza kuhesabu hatua za kurudi nyuma.

Kawira alivuka mpaka akaingia uwanjani, jambo ambalo mtunza pichi halifanyi mchezo ukiwa tayari.

"Usianzishe," alimwambia mwamuzi. "Tazama hapa."

Mwamuzi alibonyeza kwa kidole gumba. Kipande kikabanduka kizima, kama ukoko wa sufuria, na chini yake udongo ulikuwa laini.

"Nani alikuwa hapa?"

"Comets. Alhamisi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Angeweza kumtaja Douglas. Lakini ujumbe ulikuwa kwenye simu yake, na maneno yalikuwa yake. "Yangu," alisema.

Mwamuzi akaandika: mtunza pichi wa klabu aliruhusu. Mchezo ukavunjwa.

Shirleen alivua helmeti, akasema kwa Kiingereza kwamba angeweza kuucheza huo mpira, kwamba mamake hamwamini. Hakuna aliyejua mpira ule ungefanya nini, wala hakuna ambaye angewahi kujua.

Clifford alikaa naye kwenye ngazi za banda. "Kwa nini hukunipigia Alhamisi?"

Akamweleza: kamati, ndege, matope ya Nkubu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Ningemkatalia kwa niaba yako," alisema. "Hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki kwa mwenyekiti."

Jioni Douglas alituma ujumbe: Pole sana dada, tuko pamoja. Baada ya wiki tatu barua ya halmashauri ilifika: uwanja ulikuwa umepewa Comets. Baada yake ikaja nyingine, ya Comets, wakimwomba Kawira abaki kazini. Pichi yao ingekuzwa kwingine kwenye sinia la chuma na kuletwa kwa lori. Ya zamani ingeondolewa.

Mwezi wa Aprili mashine ya kuchimba ilisimama katikati ya uwanja. Clifford alikuwa kwenye mpaka, kofia mkononi. Dereva alishusha kioo, akawatazama wote wawili, akauliza ule udongo mweusi unakwenda chini kiasi gani.

Clifford alimtazama Kawira. Hakuna mwingine aliyejua.

"Sentimita ishirini na tano," Kawira alisema, na mashine ikanguruma.