Radar ilisema kweupe, mama mkwe akasema kweupe, kumbe mlima wa Mang'ula ulikuwa umemezwa

Wakuu, wa shikamoo shikamooni, wa mambo mambo vipi.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe hapa Ifakara, sijasimuliwa. Atakayedhani ni chai aje dukani kwangu nimwonyeshe mtoto mwenyewe anavyokimbia.

Binti yetu alizaliwa utumbo umeziba. Kila akinyonya anatapika kijani. Madaktari wakasema upasuaji wa kichanga wa aina ile uko Dar, na kwa hali yake barabara asingeiweza.

Ikapatikana ndege ndogo ya wagonjwa. Rubani akapewa namba yangu.

Akanipigia akiwa bado Dar. Akasema waongozaji wa ndege wameangalia radar ya hali ya hewa, njia yote mpaka kwetu ni clear.

"Sasa si uje, kaka?" nikamwambia.

"Radar naiamini. Ila huko kwenu ni mbali nayo, mionzi ikifika huko inakuwa imeshapanda juu sana. Mvua ya chini, ile inayokwama kwenye milima ya Udzungwa, inaweza isionekane. Na mimi nashuka kandokando ya hiyo milima. Una mtu Mang'ula aniangalizie?"

Wakuu, nilikasirika. Mtoto anakata roho, huyu anataka nimpigie mtu simu atazame mawingu! Mashine ya gharama zote hizo ni ya nini basi?

Lakini nilipiga. Mang'ula anaishi mama mkwe wangu, mkulima wa mpunga, nyumba yake inatazamana na mlima.

"Shikamoo mama. Rubani anauliza, mlima unaonekana?"

"Marahaba baba. Kweupe kabisa huku! Mwambie aje, aje upesi, mjukuu wangu anateseka."

Nikampa rubani jibu. Radar kweupe, mama kweupe, nikajua tumemaliza.

Rubani akauliza, "Huyo mama ni nani kwa mgonjwa?"

"Bibi yake."

"Basi naomba nitafutie mtu mwingine. Asiye na mgonjwa kwenye hii ndege. Na usimwambie unauliza kwa ajili ya nini."

Hapo nilitaka kumtukana, nasema ukweli. Wenye wakwe mnanielewa: mama mkwe akishasema jambo, wewe unaitikia, huendi kumpeleleza kwa majirani. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni na mtoto kifuani, akanitazama tu. Akasema, "Piga."

Nikampigia Salimu wa Mkula, jirani na Mang'ula. Ni muuza duka, wazee wake walitoka pwani, tunachukuliana bidhaa.

"Salimu, hebu toka nje unitazamie mlima."

"Mlima gani tena ndugu yangu? Mlima umemezwa na wingu! Hapa naingiza magunia ndani, upepo unataka kuning'olea bati."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya wodi.

Nikamwambia rubani. Hakusema, "Nilikwambia." Alisema anangoja, injini iko tayari, nimpe habari mlima ukifunguka.

Kungoja kule, wakuu, sitaki kukusimulieni sana. Mtoto alishaacha hata kulia. Nilimkasirikia rubani, nikaikasirikia radar, nikamkasirikia mama wa watu. Nikafika mahali nikawa namwonea hasira hata Salimu kwa kusema kweli.

Mvua ikatufikia na sisi, ikapiga, ikapita. Nikiwa najiandaa kupiga tena, Salimu akapiga mwenyewe.

"We mtu wa mlima, bado unautaka? Umefunguka wote, mpaka maji yanavyoporomoka kule juu nayaona."

Ndege ikaja. Binti akapasuliwa, na utumbo ukafunguka. Siku aliponyonya asitapike nililia mbele ya wauguzi bila aibu.

Tuliporudi, mama mkwe akaja kumwona mjukuu. Sikumuuliza kitu, ningeanzia wapi? Akasema mwenyewe, huku kampakata.

"Baba, siku ile mvua ilikuwa inanipiga mgongoni. Nilijua nikisema hivyo, hatakuja."

Nikamwambia, "Angekuja tu mama. Alichotaka ni kufika salama."

Alimfunika mtoto vizuri.

Juzi juzi rubani yuleyule kanipigia, anakuja kumchukua mgonjwa mwingine, mtoto wa familia nisiyoijua. Radar clear, ila anaulizia Mang'ula. Salimu hakupatikana. Nikashika simu nikiwa na wasiwasi, nikampigia mama mkwe, na safari hii sikusema ni ya nini.

Akauliza mwenyewe, "Kuna mgonjwa?"

Kumdanganya mama mkwe nikashindwa. "Yupo mama. Mtoto."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Basi mwambie mlima siuoni. Angoje. Nami nakaa hapahapa nje, nitakupigia ukifunguka."

Na alipiga, wakuu. Yule mtoto naye alifika Dar.

Nilichojifunza: radar haikudanganya, ilisema ilichokiona. Anayeiamini kweli ni yule anayejua inaishia wapi, halafu akauliza watu. Na watu nao tunapompenda mgonjwa huwa tunaona kweupe.

Mlioko kwenye mambo ya anga nirekebisheni nilipokosea kuhusu mionzi. Na nyie wengine, siku hiyo mngempigia nani?