Kwa Dobi Hakulaliki

Dobi wa mtaa wetu anaishi peke yake, na sitaki mtu aniambie eti ana majirani. Majirani zake ni ghorofa tatu zilizomgeuzia mgongo, na migongo yenyewe imejaa viyoyozi. Wa juu wanapata ubaridi, joto lao linatemwa kwenye ua wake. Upepo uliokuwa unapita pale siku hizi unagonga ukuta na kuishia hukohuko.

Mimi humpelekea mashati. Ndiyo maana namjua Bosi.

Bosi ni mjukuu wake: meno mawili, amri nyingi. Binti wa Dobi alikuwa anamleta kila Ijumaa, wanalala mpaka Jumapili. Dobi alikuwa anaishi kwa ajili ya siku hizo tu. Bosi alipoanza kusimama kwa kushika kuta, bibi akaangalia ua wake: vumbi, tope, mti unaodondosha majani juu ya nguo za watu. Akaita fundi. Mti ukakatwa, zege likamwagwa ukuta hadi ukuta.

"Mjukuu wangu ajifunze kutembea pasafi," akasema.

Kikazi mambo yalinyooka, nguo zikawa zinakauka fasta. Kwa mtoto, balaa. Saruji inakula jua mchana kutwa, giza likiingia inaanza kulitapika. Kivuli hamna, upepo hamna, viyoyozi vinaongezea. Bosi akatoka harara shingo nzima, akalia mpaka kumekucha. Binti akafunga mizigo.

"Mama, sigombani na wewe. Ila mtoto hapa halali tena."

"Nitanunua feni."

"Feni si hiyo hapo? Inapuliza joto."

Ijumaa zikawa zinapita kavu. Binti anaishi pembeni kabisa, ambako mji haujafika. Nikamuuliza Dobi kwa nini asiende yeye.

"Nguo za watu nimwachie nani? Wewe?"

Nikahesabu mashati yangu.

Akamwita fundi yuleyule, avunje zege upande wa chumba cha kulala. Fundi akacheka.

"Mama, si ulinisimamia hapa nisiache hata ufa? Leo nivunje?"

"Vunja. Maneno weka mfukoni."

Akavunja. Dobi akapanda mche mwembamba kama mpini wa fagio, akahamisha kamba. Nafasi ya kuanikia ikawa nusu, kazi zikachelewa, wateja tukanuna. Hakujali. Akapiga simu.

Wakaja Ijumaa mchana, nami nipo pale nasubiri mashati. Bosi akawekwa kwenye udongo, akakaa kitako, akatia konzi nzima ya huo udongo mdomoni.

"Anaonja kama ni wa bibi yake," Dobi akasema. Kitanda alishakitandika, shuka limepigwa pasi mpaka pindo.

Binti akaingia chumbani. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona anaweka kiganja ukutani, upande wa ghorofa. Hakukiondoa haraka.

"Mama."

"Sema."

"Umejitahidi. Lakini huu ukuta unachemka."

"Mti utakua."

"Utakua, Mama. Na Bosi naye atakua."

Dobi hakubisha. Alimbeba mtoto mpaka barabarani, akamfuta udongo kidevuni kwa kanga yake, akamkabidhi. Jua lilikuwa bado juu.

Mniwie radhi, lakini mtu mmoja na nyundo ya kukodi hawezi kupoza mtaa mzima. Waliopitisha ramani za zile ghorofa walihesabu vyumba, wakahesabu na maegesho. Hakuna aliyeuliza upepo utapitia wapi, wala bibi mwenye nyumba ya chini atalala vipi.

Dobi aliporudi uani hakuingia ndani. Akaligusa shati langu kwenye kamba.

"Bado bichi hili. Una haraka?"

Nilikuwa nayo. Nikasema sina, akanivutia kigoda.