Butoni nyekundu iko kwangu Saio, mashini imenyamaza Mongbwalu

Admin, ficha jina yangu lakini maneno usipunguze. Niko baba wa miaka makumi tano na mbili, nakaa Saio, hapa Bunia. Masomo niliacha mapema, lakini mashini zote za Ituri zinanijua. Wakati wa vita nilifunga groupe, ile jenereta ya courant, na kamba ya kiatu, ikawaka mwaka muzima. Asiyeamini apite, hii kisa si yake.

Tangu barabara ya Mongbwalu ianze kupitika, hata kama tunapita roho mukononi, mume wa dada yangu alifungua kule mashini ya kusaga mawe ya zahabu. Mimi njo nilimuchagulia kitu cha kuisimamisha kwa mbali, kisanduku chenye butoni nyekundu, mutu anakivaa kwa mukaba. Yeye alitaka ile ya soko, ambayo bateri ikikufa unafinya mpaka kidole kinavimba na mashini inaendelea tu kusaga. Nikakatala. Nikamwambia tutachukua ile isiyoingiza vumbi wala maji, na ikipoteza tu mawasiliano, mashini inasimama yenyewe. Alikubali na uso wa mutu anayetafuna kidonge ya kinini.

Basi maneno yakaanza. Mwenye kisanduku akienda kujisaidia nyuma ya kilima, mashini inasimama. Shemeji akasema nimemuletea mashini yenye uvivu kama mimi. Akatwaa kisanduku, akakitundika kwa musumari ndani ya biro yake, chumba chake cha kazi pale karibu na mashini, akafunga mulango na kufuli. Tangu hapo mashini haikusimama tena, na wafanyakazi wakamusifu, eti patron ana akili kuliko fundi.

Ndogo yangu, mwanaume aliyezaliwa nyuma yangu, baba wa watoto, njo anatia mawe mu kinywa cha ile mashini. Siku moja mukanda wa mashini ulishika koti yake, ukaanza kumuvuta. Watu wanapiga kelele, butoni iko ndani ya biro, ufunguo uko mu mufuko ya shemeji, na shemeji mwenyewe iko sokoni anabishana bei ya mbuzi. Mungu alisaidia koti ilikuwa imechakaa, ikapasuka. Ndogo yangu alitoka na bega bila ngozi. Kama ningekuwa pale, ningeshika ile gurudumu kwa mikono, nilishafanyaka ivyo zamani.

Nilipofika na kuona lile bega, sikusalimia mutu. Nilivunja kufuli, nikatwaa kisanduku, nikapanda moto, pikipiki ya kulipa, mpaka Bunia. Kwenye barière, pale wanafunga barabara, askari akaona butoni nyekundu, akauliza inalipua nini. Watu wote wakalala mu matope, mimi peke yangu nikabakia wima. Motari, ule aliyenibeba, anasema nilikuwa wa kwanza kulala. Ni muongo.

Sasa mashini imenyamaza na jamaa yote inanitukana. Wanasema nimezoea hadisi, basi na hii ya mashini kula watu ni hadisi. Dada yangu alipiga simu analia, akasema ninawaua njaa juu ya kiburi. Shemeji akamunyanganya simu.

"Baki nayo, shemeji," akasema. "Utafungulia nayo televizyo. Kesho kutwa fundi wa Marabo anakuja, ataunganisha waya moja kwa moja. Hatuna haja na butoni yako."

Nikaomba kusema na ndogo yangu. Nilifikiri yeye, mwenye bega linaloniuma mimi kuliko yeye, atanitetea. Akaniambia fundi akimaliza, atarudi pale pale kutia mawe.

"Yaya, mukubwa yangu, weye unasema vizuri sana," akasema. "Lakini watoto hawali maneno."

Akakata.

Njo shida yangu, ndugu zangu. Nikirudisha kisanduku, kitarudi kwa musumari, nyuma ya kufuli mupya. Nisiporudisha, mashini itazunguka bila kitu chochote cha kuisimamisha, na ndogo yangu iko pale mbele ya kinywa chake. Shemeji hasikii, dada hasikii, hata mwenye bega hasikii. Nishaurini, nifanye nini? Na weye uliye tayari kuandika kwamba nirudishe tu ili amani iwe mu jamaa, kwanza uende Mongbwalu, usimame pale anasimama ndogo yangu, kisha uniandikie.